Dakika Tisa za Uso

Mwalimu aliingia dukani akiwa ameshakasirika, na muuzaji alichofanya ni kumwongezea tu. Ilikuwa Jumamosi mchana, duka limejaa watu mpaka mlangoni, runinga zote ukutani zinaonyesha maporomoko yale yale ya maji, na yeye alikuwa ameshatoka maduka mawili bila kusikilizwa. Muuzaji, bwana wa makamo aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, alimuuliza kama anataka kamera ya picha au ya video. Akajibu anataka ya vyote viwili, na iwe ndogo, iingie mkobani. Basi yule bwana akafungulia bomba la maneno. Akataja megapikseli, akataja dhamana, kisha akatoa moja ya rangi ya waridi na kusema hiyo akina dada wanaigombania.

"Nimekuuliza rangi?" Mwalimu alisema.

Hakuwa ameuliza rangi. Alikuwa na mahitaji matatu na alikuwa ameyarudia tangu asubuhi: picha kali zinazoonyesha umbo la kila kidole, video isiyogeuza mikono inayokwenda haraka kuwa ukungu, na kamera ndogo ambayo mama yake hatakaa mbele yake kama mtu aliyeitwa polisi. Alipoona maneno hayafiki, aliiweka ile ya waridi juu ya kaunta, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akarudi nyuma hatua mbili na kuanza kuongea kwa mikono. Watu wakageuka kumkodolea macho. Alikuwa anakodolewa hivyo tangu utotoni, na hakuwa amezoea, wala hakuwa na mpango wa kuzoea. Alipotazama kilichorekodiwa, uso wake ulikuwa umetoka safi kama wa pasipoti. Mikono ilikuwa uji mtupu.

"Hiyo inatafuta uso," sauti ilisema nyuma yake.

Mwenye sauti alikuwa mwanamume mrefu, koti la jinzi lenye mifuko mingi kuliko mahitaji, viatu vya raba vilivyochoka, na shingoni alama nyeusi ya mkanda wa kamera. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi, na siku hiyo alifuata chaja tu. Akaeleza bila kuombwa kwamba kamera hizi ndogo zimefundishwa kiwandani kuwa mtu ni uso. Ukisogea zinaufuata uso, na mengine yakiharibika shauri lako.

"Nimekuomba msaada?"

"Hujaniomba. Lakini umenisimamisha kwenye foleni robo saa nzima, dada yangu. Nadhani nina haki ya kuchangia."

Mwalimu alitaka kumpa jibu la kumkata maini, akajikuta anacheka. Hilo nalo lilimkera. Mpiga Picha akapita kando yake, akamwomba muuzaji ile kamera nyeusi iliyokuwa rafu ya chini kabisa, isiyo na urembo wowote, akaizungusha mkononi kama mtu anayekagua nyanya. Kioo chake kinageuka, alisema. Lenzi yake inameza mwanga, kwa hiyo hata sebuleni haihitaji taa. Akazima ile tabia ya kufuata uso, akaongeza kasi ya kukamata, akaweka fremu sitini kwa sekunde, kisha akamwomba aongee tena. Safari hii vidole vilitoka kimoja kimoja, hata kucha zilionekana.

"Ulikuwa unasema nini?" aliuliza.

"Nilikuwa nasema muuzaji ni mpumbavu."

Akanunua ile nyeusi. Mpiga Picha akampa namba yake, eti kamera ikimsumbua. Kamera haikumsumbua hata siku moja, na simu ziliendelea hivyo hivyo.

"Mwalimu, kamera imeamkaje?"

"Imeamka salama. Mwenye kamera ndiye hajaamka vizuri."

"Ana nini tena mpenzi wa watu?"

"Kuna mtu anampigia simu asubuhi wakati anatafuta soksi ya pili."

"Amwambie huyo mtu aje amtafutie."

Alikuja. Si kwa ajili ya soksi, bali kwa chakula cha mchana cha Jumapili, akiwa na shati la mistari na ndevu zilizochongwa. Ghorofa ya tatu, mlangoni kitufe ambacho hakilii: ukikibonyeza, taa zinawaka na kuzima ndani nyumba nzima. Mama ndiye aliyefungua. Mama alikuwa kiziwi tangu utotoni, mjane, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana ya mtu aliyeshona mapazia ya maofisi kwa miaka thelathini. Alimwangalia mgeni kuanzia viatu kwenda juu, akamwambia binti yake kwa mikono kwamba kidume ni kizuri ila raba azitupe. Mwalimu akatafsiri kwamba Mama anasema karibu.

Hapo ndipo alipoanza kukosea, na kwa miezi mitatu hakujua kama anakosea. Kila Jumapili Mama alisimulia vituko vya karakana, jinsi msimamizi wao alivyojishonea suruali kwenye pazia la mkurugenzi, na Mwalimu akacheka mpaka machozi. Mpiga Picha alikaa katikati yao na kijiko mkononi, akitabasamu kwa kubahatisha. Alipouliza Mama amesemaje, alijibiwa kwamba anaongea habari za kazini. Dakika kumi za mikono zilimfikia zikiwa sentensi moja. Alizimeza, na wiki iliyofuata akarudi tena.

Vidole vya Mama vilikuwa vinajikunja. Vilianza taratibu, viwili vya kushoto, kisha vitatu vya kulia, vikavutwa kuelekea kiganjani mpaka akawa anashika kikombe kwa mikono miwili. Daktari akapanga upasuaji siku ya Jumanne, mikono yote kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa Mama alikataa katakata kulazwa mara mbili. Mkono utashika kijiko, daktari aliahidi. Mkono utafunga kifungo. Mwalimu akamuuliza kama utaongea kama zamani, na daktari akatazama karatasi zake na kusema hilo hawezi kuliahidi.

Kwa watu wengine hiyo ni mikono. Kwa Mama ulikuwa ulimi. Na kulikuwa na hadithi moja ambayo Mwalimu aliitaka kabla ulimi huo haujaguswa: hadithi ya kuzaliwa kwake, ambayo Mama aliisimulia kila mwaka siku yake ya kuzaliwa, na kila mwaka ilikuwa tamu zaidi. Namna wauguzi walivyosema kiziwi hataweza kulea mtoto anayesikia, kwa kuwa hatajua mtoto analia. Namna mama mkwe alivyokuja na begi kumchukua mtoto. Na namna Mama alivyoweka kiganja juu ya kifua cha mtoto, akamgeuzia mgongo mama mkwe, na akatangulia kujua kilio kabla mama mkwe hajakisikia kwa masikio yake mawili. Mama aliisimulia kwa vidole, mabega na nyusi, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nayo. Kamera ilinunuliwa kwa ajili hiyo.

Jumapili kabla ya upasuaji, Mpiga Picha alikuja na stendi ya miguu mitatu. Mama alivaa blauzi ya buluu nzito isiyo na maua, ili mikono ionekane. Mwalimu alikaa kwenye kigoda kando ya stendi, kwa sababu mtu hasimulii kwa mashine, anasimulia kwa mtu. Mpiga Picha akasimama nyuma ya kamera. Mama akaanza. Vidole vilivyopinda vilimpa shida, na alivilazimisha, na uchungu wake ukaingia ndani ya hadithi na kuifanya kali kuliko miaka yote. Alipofika kwenye begi la mama mkwe machozi yakamtoka, na hakuyafuta, maana angeyafuta kwa nini wakati mikono ina kazi. Mwalimu naye alilia. Mpiga Picha akazima kamera. Alisema amepiga harusi mia mbili na hajawahi kupata kitu kama hiki.

Siku ya Jumanne Mama aliingizwa chumba cha upasuaji saa tatu asubuhi. Mwalimu alikaa kwenye benchi la korido, mbele ya ukuta wa kijani, akaitoa kamera mkobani ili apate kitu cha kushika. Akafungua rekodi. Dakika mbili za mwanzo zilikuwa sawa, Mama mzima, kuanzia nywele hadi mapajani. Kisha picha ikaanza kusogea. Ikamsogelea Mama taratibu, kwa ufundi wote wa mtu aliyezoea kumfuata bibi harusi anayelia, ikakata mapaja, ikakata mikono, ikakata mabega, ikatua kwenye uso. Ikakaa hapo. Dakika tisa. Nyusi zinapanda, machozi yanashuka, na mara chache ncha ya kidole inachungulia chini ya picha na kutoweka.

Alipeleka mbele. Uso. Akapeleka mbele tena. Uso.

Mpiga Picha alitokea mwisho wa korido akiwa na chupa ya chai na vikombe viwili, ametoka kazini mbio. Aliiona sura ya Mwalimu, akadhani ni habari mbaya za ndani, akapiga magoti mbele ya benchi. Mwalimu akamgeuzia kioo cha kamera.

"Mikono iko wapi?"

Alitazama. Ilimchukua muda, na muda huo ndio uliomuudhi Mwalimu kuliko yote, kwa sababu aliona kwamba mpaka sasa hajui anatafuta nini.

"Alikuwa analia," alisema hatimaye. "Nilivuta karibu. Uso umetoka vizuri sana, Mwalimu, tazama..."

"Uso ulikuwa hausemi kitu. Alikuwa anasema kwa mikono. Umemkata mama yangu ulimi, halafu unaniambia shavu limetoka vizuri."

"Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Ungekusudia ningekuelewa." Alisimama. "Kamera uliizima hiyo tabia ya kutafuta uso. Wewe sikujua nikuzime wapi."

Mpiga Picha aliweka chupa ya chai sakafuni. Naye alikuwa na lake, lililokaa miezi mitatu, na lilitoka bila adabu.

"Na mimi ningejuaje? Nimekaa mezani kwenu kama kabati. Mama yako anaongea, wewe unacheka, mimi natupiwa kasentensi kamoja kama mtu anayetupiwa mfupa. Nimekuuliza mara ngapi unifundishe? Ukasema baadaye. Hukutaka nijue. Unapenda kila mtu apitie kwako kwanza. Ulinipa uso peke yake, Mwalimu, ndiyo maana nikapiga uso."

"Ondoka."

"Naondoka. Chai ni ya Mama."

Akaondoka, na Mwalimu akabaki na hasira zake. Aliirudia moyoni ile kauli ya kila mtu kupitia kwake, akitafuta uongo ndani yake ili aushike, na hakuupata. Hasira za namna hiyo ndizo zinazochoma kuliko zote, unapomkasirikia mtu na yeye ana nusu ya haki. Alifuta namba yake kwenye simu. Jambo la kipuuzi, maana namba yenyewe alikuwa anaijua kwa kichwa.

Mama alitoka salama, mikono yote miwili imefungwa bandeji nene mpaka kwenye kiwiko. Wiki tatu zisiguswe, daktari alisema, kisha mazoezi, kisha tutaona. Wiki tatu Mama hakuwa na neno. Alikuwa na kichwa cha kukubali na kukataa, na mguu wa kupiga sakafu akitaka kitu. Mwalimu alimlisha kwa kijiko asubuhi, akaenda kufundisha shule yake ya viziwi, akarudi jioni kumlisha tena, na simu ya Mpiga Picha alipoiona ikiita hakuipokea. Iliita kila siku. Siku ya nane ilinyamaza, na hapo akaikasirikia kwa kunyamaza.

Siku ya kumi, kikao cha walimu kiliahirishwa na yeye akawahi nyumbani saa nane. Alifungua mlango kwa ufunguo. Sebuleni, kwenye kiti kinachotazamana na cha Mama, alikaa Mpiga Picha, jasho usoni, mikono hewani. Alikuwa anatamka herufi moja moja kwa vidole, kama mtu anayekokota kabati kupanda ngazi. Mama, asiyeweza kumjibu wala kumkimbia, alikuwa anamtazama kwa uvumilivu, na kila alipokosea alipiga sakafu kwa mguu.

"Umeingiaje hapa?"

"Nilibonyeza taa. Mama akafungua kwa kiwiko."

"Leo?"

"Kila siku, tangu Jumatano."

"Na nani anakufundisha?"

Akasema ni mwenzake Mwalimu pale shuleni, yule mama wa darasa la nne mwenye miwani, baada ya saa za kazi, na kwamba walikubaliana Mwalimu asiambiwe. Mwalimu alihisi damu inampanda kichwani. Kumbe wote walikuwa wanajua, mpaka mwenzake anayekaa naye dawati moja, mpaka mama yake mzazi, na yeye peke yake amezungushwa nyumbani kwake. Alitaka kumtoa. Alishageuka kumfungulia mlango, na Mama akapiga mguu sakafuni kwa nguvu, glasi zikalia kabatini. Kisha akaelekeza kidevu kwenye mkoba wa Mwalimu, palipokuwa na kamera.

Mwalimu hakuwa ameigusa rekodi ile tangu siku ya korido. Aliifungua kwa kishindo, ili Mama aone mwenyewe alichofanyiwa. Wakaitazama wote watatu, vichwa vimesogeleana juu ya kile kioo kidogo. Dakika ya pili, lenzi ilipoanza kutoka na picha kusogea, Mwalimu aliona kitu ambacho hasira ilimzuia kukiona mara ya kwanza. Macho ya Mama yalishuka. Yaliiangalia kamera yenyewe, ile lenzi inayojitokeza kama pua, yakakaa hapo kidogo, kisha yakarudi kando, kwenye kigoda. Na Mama akaendelea.

Mwalimu akamgeukia. Kwa mikono yake akamuuliza: uliiona lenzi ikitoka?

Mama akaitikia kwa kichwa.

Ulijua mikono haichukuliwi?

Akaitikia tena.

Mwalimu sasa alikuwa amemkasirikia mama yake, hasira safi ya mtoto aliyenyimwa. Kwa nini hukumzuia, alimuuliza, na mikono yake ilikuwa inapiga kelele. Siku mbili kabla ya kisu, unajua haibaki, unajua sitaipata tena, kwa nini?

Mama aliinua mkono wa kulia, ule mzigo mweupe wa bandeji, akauweka kifuani kwa binti yake. Akausukuma mara moja. Akausukuma mara ya pili. Wewe. Alikuwa anamwambia yeye, siyo kamera. Alimwambia miaka thelathini na moja mfululizo, na siku ile pia alimwambia yeye, na kama hadithi imeingia, basi imo. Kisha akauondoa mkono, akaashiria kwa kidevu nafasi iliyo wazi mbele ya dirisha. Simama pale.

Mwalimu alikataa kwanza. Alisema hawezi kuisimulia kama yeye, ataiharibu. Mama akapiga mguu. Mpiga Picha aliiweka kamera juu ya rafu ya vitabu, akaisukuma nyuma mpaka ikagota ukutani, akageuza kioo upande wake, akahakikisha anamwona Mwalimu kuanzia nywele hadi magotini na nafasi ya kutosha pande zote mbili, kisha akaondoa vidole vyake kabisa, akavificha kwapani.

Mwalimu akaisimulia. Alianza kwa hasira, maneno yamekaza, na Mama akapiga mguu akimtaka atulie. Wauguzi aliwaruka, mguu ukapigwa, akarudi kuwafanya. Mama mkwe alimfanya mpole mno na mguu ukapigwa mara tatu. Begi likaja. Kiganja kikawekwa juu ya kifua cha mtoto ambaye ni yeye, na alipokiweka alielewa kwa mara ya kwanza uzito wa kile kiganja, kwamba mwenye nacho alikuwa na miaka ishirini, yuko peke yake chumbani, na wote waliokuwa wakisikia walikuwa wanamwambia hawezi. Machozi yakamshuka. Hakuyafuta. Alitupa jicho kwenye kamera na kuona lenzi imetulia pale pale ilipokuwa, na mwenye kamera anamtazama mikono, si uso, midomo yake ikijaribu kufuata.

Alipomaliza, Mama hakupiga mguu.

"Umeelewa?" Mwalimu aliuliza kwa mdomo. Sauti yake bado ilikuwa na miiba.

"Robo."

"Onyesha hiyo robo."

Mpiga Picha akatoa mikono kwapani. Akafanya begi, vibaya. Akafanya mtoto. Akaweka mkono kifuani, vidole vimebana kama mtu anayeshika glasi, akataka kuonyesha kwamba mama alijua, akakwama katikati, akamtazama Mama kuomba msaada. Mama alikuwa anatazama dirishani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Mwalimu alivuka sebule. Akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akavinyoosha vile vidole kimoja baada ya kingine.

"Kiganja kinakuwa wazi. Wazi kabisa. Ukikibana unamwambia mama mkwe achukue mtoto." Hakumwachia mkono. "Umri wangu wote nimekuwa mkalimani wa watu. Benki, hospitali, wenye nyumba. Ulikuwa sahihi, nilipenda kila mtu apite kwangu. Nimechoka. Sitakaa katikati ya mama yangu na mume wangu mpaka nizeeke. Rudia."

Mpiga Picha alilisikia lile neno, akafungua mdomo kuuliza, akaiona ile sura, akaona bora kwanza anyooshe kiganja.

Akarudia.